Acha mashine ichambue kode

Wandugu wanafunzi na ninyi mliomaliza masomo, tuwaze kidogo. Mmoja yuko Kasongo, mwenzake Kabambare, wanaandika pamoja programu ya hospitali kwa JavaScript. Wa Kasongo anaacha nafasi mbili mwanzo wa mstari, wa Kabambare anaacha ine. Siku wa Kabambare anatuma kazi, Git inaonyesha mistari 200 imebadilika. Kumbe aligusa mmoja tu: kipimo cha dawa. Nani atauona? Njo shida yenyewe.

Kuna kazi mbili hapa, tusizichanganye. Ya kwanza ni kupanga sura: nafasi, urefu wa mistari, alama. Ile inafanywa na Prettier, iliyotoka 2017. Ya pili ni kutafuta makosa, kama jina lililoandikwa vibaya. Ile ni ya ESLint, iliyoanzishwa na Nicholas Zakas mwaka 2013. Wazo ni la zamani: 1978, Stephen Johnson wa Bell Labs, Marekani, aliandika programu "lint" kwa lugha ya C. Jina ni la vinyuzi vinavyotolewa kwenye nguo. Kwetu tungesema kuchambua mchele: kutoa mawe mbele ya kupika.

Lakini mtu anachoka, umeme unakatika, anasahau kuchambua. Kwa hiyo tunaifunga kazi hii kwenye Git yenyewe. Siku konekisheni iko, andika:

npm install --save-dev prettier eslint husky lint-staged
npm init @eslint/config@latest
npx husky init

Amri ya pili itakuuliza maswali, iandike sheria. Ya tatu itaunda faili .husky/pre-commit, futa kilicho ndani, weka: npx lint-staged. Halafu katika package.json ongeza:

"lint-staged": {"*.js": ["eslint --fix", "prettier --write"]}

Basi. Kila ukifanya git commit, mafaili uliyoyagusa tu yanachambuliwa. ESLint ikikuta kosa isiloweza kurekebisha, Git inakataa. Mwenzako akichukua mradi na kufanya npm install, ulinzi unajiwasha kwake pia. Na megabaiti zinalika mara moja tu. Kisha kazi inaenda hata bila intaneti. OpenMRS, programu ya faili za wagonjwa iliyoanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, nayo leo inatumia Prettier na ESLint.

Mambo mawili ya kuangalia. Mradi ukiwa wa zamani, panga sura ya mafaili yote siku moja, katika commit ya peke yake, usichanganye na kazi ingine. Na mtu anaweza kuruka ulinzi kwa --no-verify, kwa hiyo weka ukaguzi uleule kwenye GitHub pia.

Tusidanganyike lakini. Miligramu 5 ikigeuka 50, ESLint itanyamaza, maana kode imeandikwa sawa. Ila sasa mwenzako wa Kasongo ataona mstari mmoja uliobadilika, apana 200. Hapo njo atauliza: hii 50 imetoka wapi?