Maji Yamejaa, Mto Hauvukiki

Masika moja tulipanda milima ya Uluguru kutoka Morogoro mjini, nia yetu ikiwa ni kufika Morningside na kuendelea mbele. Hatukufika. Kijia kilikuwa tope tupu, na tulipofika penye kijito kinachovukwa kwa kukanyaga mawe, mawe hayakuonekana. Kando palikuwa na kibao: "Tahadhari, maji yamejaa." Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Pwani, aliketi akasema tungoje yapwe.

Hakukosea. Kwa mtu wa Pwani maji hujaa na kupwa, na baina ya hali hizo mbili hupita saa sita na kitu. Mto wa mlimani haupwi. Hupungua mvua ikikatika huko juu, nao waweza kujaa hali pale mtu aliposimama jua linawaka. Onyo lile lilimpa msomaji ahadi ambayo mwandishi hakuikusudia.

Mfasiri mwingine angeandika "mafuriko". Hilo nalo halitoshi. Mafuriko ni maji yaliyopita kingo na kutapakaa mashambani na majumbani. Ilhali mto waweza kumchukua mtu ungali ndani ya kingo zake. Asiyeona shamba lililozama atadhani hatari haijafika. Twaonelea iandikwe: "Mto umejaa, hauvukiki." Kauli ya kutendeka yamtosha msafiri, kwani haja yake si kujua kina cha maji bali kama atavuka. Wala isiandikwe "kivuko kimefungwa", kwa maana mkazi wa Dar es Salaam akisikia kivuko hufikiri kwanza chombo kiendacho Kigamboni.

Kuhusu njia, yafaa kutenga "matope" na "utelezi". Tope hunasa mguu, utelezi huuponyosha. Mteremko wa udongo mwekundu waweza kuwa na utelezi mkubwa bila ya tope la kufunika hata soli. Aambiwaye kuna matope huvaa buti akaenda zake. Aambiwaye kuna utelezi hutafuta fimbo, au hughairi. "Njia haipitiki" tuiwekee pale isipopitika kweli, maana ikibandikwa kila inyeshapo watu wataizoea.

Wasomaji wa bara na visiwani wenye maneno ya kwao kwa hali hizi tunawaomba watuletee, pamoja na mfano wa matumizi. Sisi tulirejea mjini jioni, tope hadi magotini, na mwenzetu yule akiwa wa mwisho kuondoka pale kijitoni.