Uvimbe Mmoja, Majina Mengi: Uchunguzi wa Tishu na Seli Kandokando ya Mto Tana

Utangulizi

Katika vijiji vilivyo kandokando ya Mto Tana, kuanzia Hola kuteremka hadi Garsen na delta yake, neno uvimbe hubebeshwa mzigo mkubwa. Mtoto aliyefura taya ana uvimbe. Kijana aliyetokwa na mitoki shingoni ana uvimbe. Mzee anayekojoa damu huambiwa kuwa pengine ana uvimbe kibofuni, na mama anayevuja damu baada ya kukoma hedhi huambiwa vivyo hivyo kuhusu kizazi chake. Neno ni moja, lakini maradhi ni mbalimbali. Baadhi ya wagonjwa hao watapona kwa vidonge, baadhi watahitaji kisu cha mpasuaji, na yeyote kati yao anaweza kuangamia akipewa tiba iliyomfaa mwenzake.

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni kama usiku wa kiza. Makala haya yanaeleza jinsi uchunguzi wa tishu na seli unavyoangaza kiza hicho kwa kutenganisha saratani na maambukizi. Aidha, yanaonyesha kwamba katika eneo kama Tana River, thamani ya uchunguzi huo haitokani na hadubini peke yake. Hutokana na safari nzima ya sampuli: kutoka kwa mgonjwa hadi maabara, na kutoka maabara kurudi kwa mgonjwa.

Maana ya Uchunguzi Huu

Mwili wa binadamu umejengwa kwa seli, na seli za aina moja zikishikamana kufanya kazi moja huitwa tishu. Ugonjwa unapoingia, seli hubadilika umbo, ukubwa na mpangilio. Mabadiliko hayo hayaonekani kwa macho matupu, lakini huonekana chini ya hadubini. Taaluma inayochunguza mabadiliko ya tishu huitwa histopatholojia, na ile inayochunguza seli zilizotengana huitwa saitolojia.

Katika histopatholojia, daktari hukata kinyama kidogo kutoka penye ugonjwa. Kitendo hicho huitwa biopsi. Kinyama hutumbukizwa mara moja katika formalini ya asilimia 10, ambayo huzuia kisioze na kuhifadhi umbo la seli. Inapasa formalini iwe nyingi, takribani mara 10 ya ujazo wa kinyama chenyewe. Maabarani, maji huondolewa katika tishu na nafasi yake kujazwa nta. Nta ikiganda, tishu hukatwa kwa kisu maalumu katika vipande vyenye unene wa takribani maikromita 4; yaani, vipande 250 vikipangwa pamoja ndipo hutimia milimita 1. Vipande hivyo hulazwa juu ya kioo na kutiwa rangi mbili, hematoksilini na eosini. Ya kwanza hufanya viini vya seli kuwa vya buluu, na ya pili huipa sehemu iliyobaki rangi ya waridi. Hapo ndipo daktari wa patholojia huanza kusoma.

Saitolojia ni njia nyepesi zaidi. Sindano nyembamba huchomwa katika uvimbe, seli chache hufyonzwa, zikapakwa juu ya kioo na kutiwa rangi. Seli zinaweza pia kupatikana katika mkojo, katika makohozi, au kwa kupangusa shingo ya kizazi. Njia hii haihitaji chumba cha upasuaji wala kulazwa, na gharama yake ni ndogo. Hata hivyo, ina upungufu wake: huonyesha seli lakini haionyeshi vyema jinsi zilivyopangwa, na wakati mwingine mpangilio ndio unaofichua ugonjwa.

Mitoki ya Shingoni

Mfano ulio wazi zaidi ni wa mitoki, yaani tezi za limfu zilizovimba. Kijana aliyekonda, anayetokwa na jasho usiku na mwenye mitoki shingoni, huenda ana kifua kikuu cha tezi. Huenda pia ana limfoma, ambayo ni saratani ya tezi hizo. Dalili hufanana mno hata mganga mzoefu akakosea.

Chini ya hadubini, tofauti hujitokeza. Kifua kikuu huacha vinundu vya seli za kinga zilizozunguka tishu iliyokufa na kulainika mfano wa jibini. Ikitumiwa mbinu ya rangi ya Ziehl-Neelsen, bakteria wenyewe huonekana kama vijiti vyekundu. Limfoma, kwa upande wake, huonyesha seli za aina moja zilizozaliana kupita kiasi na kufuta mpangilio wa kawaida wa tezi. Tangu mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani limeidhinisha kipimo cha GeneXpert, ambacho hutambua chembe za urithi za bakteria wa kifua kikuu na kuonyesha iwapo wamekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Kipimo hiki kinaweza kufanywa hata kwa majimaji yaliyofyonzwa kutoka katika mtoki.

Gharama ya kubahatisha ni kubwa. Mgonjwa wa limfoma akipewa dawa za kifua kikuu, ambazo kwa kawaida humezwa kwa muda usiopungua miezi 6, saratani hupata miezi hiyo ya kuenea. Na mgonjwa wa kifua kikuu akidhaniwa kuwa na saratani isiyotibika akarudishwa nyumbani, hufa kwa ugonjwa wenye dawa, na huenda akawa amewaambukiza wa nyumbani mwake ikiwa ugonjwa umefika mapafuni.

Kichocho na Kibofu

Wakazi wa Tana huishi kwa mto. Wapokomo hulima mpunga, ndizi na maembe katika ardhi inayofurika. Waorma na Wawardei huleta mifugo deltani wakati wa kiangazi. Lakini maji yaliyotuama katika mabwawa na mifereji huwa makao ya konokono wanaosambaza kichocho. Mabuu ya kimelea hutoka katika konokono, yakapenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevua samaki, na hatimaye minyoo iliyokomaa hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu.

Theodor Bilharz, daktari Mjerumani, aliigundua minyoo hiyo jijini Kairo mwaka 1851. Mayai yake yana mwiba mmoja nchani. Mengi hutoka na mkojo, ndiyo sababu mgonjwa hukojoa damu, na ndiyo sababu mkojo wa kupimwa huchukuliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, wakati mayai ni mengi zaidi. Yanayosalia hunasa katika ukuta wa kibofu. Mwili huyazingira kwa vinundu, kovu hujengeka, na mwasho huendelea mwaka baada ya mwaka. Hatimaye, kwa baadhi ya watu, seli za ukuta huo hubadilika kuwa saratani.

Uhusiano huo ulibainishwa na wasomaji wa tishu. Mwaka 1911, A. R. Ferguson, aliyefanya kazi Kairo, alichapisha uchunguzi wa wagonjwa 40 wa saratani ya kibofu akiihusisha na kichocho. Mwaka 1994, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilikiweka kimelea cha kichocho cha mkojo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Hapa pana hatari inayopaswa kuzingatiwa. Pale ambapo kukojoa damu utotoni ni jambo la kawaida, mtu mzima akikojoa damu huonekana kuwa ana kichocho kile kile cha zamani. Hupewa prazikwanteli, ambayo huua minyoo lakini haiondoi saratani iliyokwisha kuota. Ikiwa damu inaendelea kutoka baada ya tiba, mkojo wapaswa kuchunguzwa iwapo una seli za saratani, na kibofu kutazamwa kwa ndani na kukatwa kinyama. Kwa wanawake, mayai hayo yanaweza kunasa katika shingo ya kizazi na kuleta vidonda na kutokwa na damu. Dalili hizo hudhaniwa kuwa za maradhi ya zinaa, na mwanamke akabebeshwa aibu isiyokuwa yake.

Maambukizi Yanayozaa Saratani

Kichocho si mfano wa pekee. Mwaka 1958, Denis Burkitt, mpasuaji wa Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Afrika. Wanapatholojia walipochunguza tishu zake, ilibainika kuwa ni limfoma. Chini ya hadubini, seli zake nyeusi zilizosongamana, zikiwa na madoa meupe hapa na pale, hufananishwa na anga lenye nyota. Burkitt alisafiri kwa gari katika nchi nyingi mwaka 1961 na kuthibitisha kwamba ugonjwa ulifuata maeneo yenye joto na mvua, yale yale yenye malaria nyingi, ukanda wa pwani ukiwamo.

Desemba 1963, sampuli ya uvimbe huo iliyotumwa kwa ndege kutoka Uganda kwenda London ilichelewa kwa sababu ya ukungu, na ndege ikalazimika kutua Manchester. Ilipomfikia Anthony Epstein, majimaji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyooza. Badala ya kuyamwaga, aliyatazama kwa hadubini akakuta seli hai zikielea. Kutokana na seli zilizooteshwa hivyo, yeye pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong waligundua, mwaka 1964, virusi vinavyoitwa Epstein-Barr. Mtoto aliyefura taya, basi, huenda ana jipu la jino, na huenda ana limfoma ya Burkitt inayokua kwa kasi ya ajabu, lakini inayoitikia dawa vyema ikitambuliwa mapema.

Saratani ya shingo ya kizazi nayo husababishwa na virusi, vya papiloma. George Papanicolaou ndiye aliyeonyesha kwamba seli zilizopanguswa hufichua mabadiliko kabla ya saratani kukomaa. Nchini Kenya, chanjo ya virusi hivyo iliingizwa katika ratiba ya taifa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Kwa wanawake wazima, pasipo na maabara ya saitolojia, wauguzi huweza kupaka asidi ya siki kwenye shingo ya kizazi na kutazama sehemu zinazogeuka nyeupe. Njia hiyo huonyesha pa kutilia shaka. Uthibitisho wa saratani hubaki kuwa wa tishu.

Safari ya Sampuli

Kukata kinyama kunawezekana katika hospitali ndogo. Kukisoma kunahitaji daktari wa patholojia, na mabingwa hao hupatikana zaidi katika miji mikubwa kama Mombasa na Nairobi. Kutoka Garsen hadi Malindi pekee ni zaidi ya kilomita 100. Mto ukifurika, barabara hukatika, kama ilivyotokea katika mvua za vuli za 2023, maji yalipofunika barabara ya kuelekea Lamu.

Katika safari hiyo, makosa madogo huharibu kazi yote. Kinyama kikiwekwa katika maji matupu huoza. Chupa isiyo na jina huzaa jibu lisilo na mwenyewe. Kinyama kinachokusudiwa kuoteshwa bakteria kikitumbukizwa katika formalini, bakteria hufa na kipimo hukosa maana. Fomu isiyoeleza umri wa mgonjwa, mahali pa uvimbe na muda wake humnyima msomaji wa tishu nusu ya ushahidi. Na hata jibu likiwa sahihi, halina faida ikiwa mfugaji aliyekatwa kinyama amekwisha kuhama na mifugo yake.

Lugha ya Majibu

Safari ya kurudi hupitia katika lugha. Mpokomo, Muorma na muuguzi kutoka bara hukutana katika Kiswahili. Fomu ya maabara, hata hivyo, huandikwa Kiingereza, na anayeitafsiri dirishani ndiye anayeamua mgonjwa ataelewa nini. Akisema kwamba "hakuna ugonjwa" ilhali fomu imesema kuwa seli za saratani hazikuonekana katika sampuli hiyo, amebadili maana. Huenda sindano ilipita kando ya uvimbe, na mgonjwa anatakiwa kurudi. Vilevile, uvimbe usio saratani na uvimbe wa saratani huhitaji majina mawili yanayoeleweka, kwani wengi husikia neno uvimbe wakadhani wamehukumiwa kifo, na wengine hulisikia wakadhani ni jipu.

Zaidi ya hayo, ipo hofu kwamba uvimbe ukiguswa na chuma ndipo husambaa. Hofu hiyo huwaleta wagonjwa hospitalini wakiwa wamechelewa. Wakifa muda mfupi baada ya biopsi, kinyama kilichokatwa ndicho kinacholaumiwa. Haitoshi kuikemea. Yafaa mgonjwa aelezwe, kwa maneno anayoyajua, kwamba kinachokatwa ni kidogo, kwamba kinakwenda kusomwa, na kwamba pasipo kusomwa daktari naye anabahatisha.

Hitimisho

Imebainika kuwa uchunguzi wa tishu na seli ndio unaolipa kila uvimbe jina lake, na kwamba mpaka kati ya maambukizi na saratani si ukuta: kichocho, virusi vya papiloma na virusi vya Epstein-Barr huuvuka. Wataalamu wa afya wana wajibu wa kuitunza sampuli. Wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili nao wana wajibu wa kuyatunza majibu, kwa kuunda na kueneza istilahi ambazo mkulima wa Ngao na mfugaji wa Garsen watazielewa bila mkalimani. Hadubini ikishasoma, mgonjwa naye hana budi kusomewa.