Goti lililolika haliponi kwa kuoshwa

Ikiwa wewe ni mkazi wa Likoni na goti linakuuma, unaijua taabu ya kuteremka kwenda kwenye feri. Huenda umeambiwa kuna upasuaji mwepesi: daktari hutoboa matundu mawili au matatu, huingiza kamera nyembamba kama kalamu, huosha goti kwa maji ya chumvi na kukwangua palipochakaa. Kabla hujaitisha mchango wa jamaa, soma haya.

Ncha za mifupa ya goti zimefunikwa kwa gegedu, utando mgumu wenye utelezi unaozuia mifupa kusuguana. Kwa sababu ya umri, uzito mwingi au jeraha la zamani, gegedu hulika. Ugonjwa ukizidi, mfupa hugusana na mfupa. Kuosha hakurudishi kilicholika.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walitangaza matokeo ya wagonjwa 180. Baadhi walioshwa goti, wengine wakakwanguliwa, na kundi la tatu likachanjwa ngozi tu. Wagonjwa hawakuambiwa nani kafanyiwa nini. Baada ya miaka 2, makundi yote yalikuwa sawa kwa maumivu na kwa kutembea. Mwaka 2017 jopo la wataalamu katika jarida la BMJ la Uingereza lilishauri kwa mkazo kwamba karibu wagonjwa wote wa goti lililolika wasifanyiwe upasuaji huu.

Kamera ina kazi yake kwingine, kwa mfano kuosha goti lililoingia usaha.

Wewe ufanye nini? Punguza uzito ukiwa mnene. Imarisha misuli ya paja: keti kitini, nyoosha mguu, hesabu hadi 5, ushushe, rudia mara 10. Tembea na bakora, uishike kwa mkono wa upande usiouma. Usimeze diklofenaki kila siku bila ushauri wa daktari, kwani huweza kudhuru tumbo na figo.

Ukifanya hayo na goti bado linakunyima usingizi, tiba iliyobaki ni kuwekewa goti la bandia. Huo ni upasuaji mkubwa, wenye gharama na hatari zake, lakini huwafaa wengi.

Uwe unatoka Kisauni, Changamwe au Likoni, ukionana na daktari wa mifupa muulize: "Goti langu limelika kiasi gani, na kuoshwa kutanisaidia nini?" Ni haki yako kujibiwa kabla ya kulipa.