Kumsifu Mtume (s.a.w.) kwa Lugha ya Nyumbani: Mfano wa Mashairi ya Barawa

Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), Aliyejaalia kutofautiana kwa ndimi zetu na rangi zetu kuwa miongoni mwa Ishara Zake, kama ilivyokuja katika Suratur-Rum, aya ya 22. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na Masahaba wake. Amma baad.

Miongoni mwa masuala yanayoulizwa sana misikitini ni hili: mashairi ya dini ambayo wazee wetu wakiyasoma kwa lugha zisizokuwa Kiarabu, je, yana asili katika dini? Wako vijana wanaowakataza mama zao kuyasoma, hoja yao ikiwa ni kwamba maneno hayo si ya Kiarabu. Tumeona tulieleze suala hili kwa kuangalia kwanza zama za Mtume (s.a.w.), kisha mji mmoja wa pwani yetu.

Imepokewa na Imam Ahmad kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba Mahabashi walicheza mbele ya Mtume (s.a.w.) huku wakisema maneno kwa lugha yao. Mtume (s.a.w.) akauliza wanasema nini, akaambiwa kuwa wanasema Muhammad ni mja mwema. Hakuwakemea wala hakuwataka wageuze lugha. Lililo muhimu kwetu hapa ni lile swali lake: aliuliza maana. Na katika Sahih Bukhari imo habari ya Ummu Khalid, aliyezaliwa Uhabeshi wazazi wake walipohajiri huko. Alipokuwa binti mdogo Mtume (s.a.w.) alimvisha nguo, akamsifia kwa neno la Kihabeshi alilolizoea mtoto yule.

Ama kuhusu liwazo, tunayo hadithi ya Bibi Aisha (r.a.). Wahajirina walipofika Madina walishikwa na homa kali. Bilal (r.a.), homa ikimpungua, alikuwa akipaza sauti kwa beti za kuitamani Makka, akitaja majani yake, maji yake na vilima vyake. Tuzingatie kwamba Makka hiyo ndiyo alikoteswa. Na yeye ni Mhabeshi kwa nasaba, lakini shauku yake aliitoa kwa Kiarabu, lugha ya mji aliokulia. Bibi Aisha alipompa Mtume (s.a.w.) habari ile, hakuikataza shauku hiyo, bali alimuomba Allah awapendezeshee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi, na aiondoe homa yake.

Sasa tuje Barawa, mji wa kale wa pwani ya Somalia, kaskazini ya Kismayu. Wenyeji wake husema Chimini, lugha iliyo ndugu ya Kiswahili, na pamoja nayo Kisomali na Kiarabu. Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi, aliyezaliwa mwaka 1847, alipata ijaza ya tariqa ya Qadiriyya huko Baghdad na akaieneza mpaka Zanzibar katika zama za Sayyid Barghash. Alitunga kwa Kiarabu, Kisomali na Chimini, kwani wanafunzi wa Kiarabu walikuwa wachache, na wafugaji na wanawake wa mjini nao wanayo haki ya kufundishwa. Aliuawa mwaka 1909. Baada yake Sheikh Qasim bin Muhyiddin al-Barawi (1882-1922) alikusanya qasida za Kiarabu, naye pia akatunga kwa Chimini.

Mashuhuri zaidi kwa wanawake wa Barawa ni sharifa Mana Sitti, maarufu kwa jina la Dada Masiti. Utenzi wake unaojulikana sana aliutunga kwa kifo cha Sheikh Nureini bin Ahmad Sabir, mwaka uleule wa 1909. Je, huku si kule kulia maiti kulikokatazwa? Hapana. Niyaha iliyoharamishwa ni kupiga mayowe, kurarua nguo, kujipiga mashavu na kuipinga Qadari ya Allah. Marthiya inayotaja wema wa marehemu na kukumbusha mauti si katika hayo; Hassan bin Thabit (r.a.) alimtungia Mtume (s.a.w.) marthiya baada ya kufa kwake, na Masahaba wakiwapo.

Vita vilipoingia Barawa mwaka 1991, watu wengi walikimbia kwa majahazi hadi Mombasa, wakakaa katika kambi, na baadaye wengi wakahamia Uingereza na Marekani. Mashairi waliyohama nayo yalikuwa zaidi vifuani mwa wanawake. Mwaka 2018 yalichapishwa mengi yake pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na hilo ni jambo la kushukuriwa, ingawa mtoto asiyejua Chimini atapata maana tu, mahadhi yatampita.

Tukirudi kwenye fiqhi, lazima tutenganishe. Qur'ani haisomwi kwa tafsiri katika Sala. Hii ndiyo kauli ya jamhuri ya wanavyuoni, na Imam Nawawi ameieleza katika al-Majmu'. Imam Abu Hanifa alijuzisha Kifursi, kisha ikapokewa kuwa alirejea kwenye kauli ya wanafunzi wake wawili, kwamba ni kwa asiyeweza tu. Takbira na tahiyatu vilevile ni kwa Kiarabu kwa mwenye kuweza. Lakini nje ya Sala, dua, dhikri, kumsifu Mtume (s.a.w.) na mawaidha havikufungwa na lugha. Mwenye kuchukua hukumu ya ndani ya Sala akaitia katika kikao cha mama na wanawe, amekosea mahali pa hukumu. Ikhtilafu ya dufu na ala ni mlango mwingine, wala haihusiani na lugha.

Kinachotazamwa katika shairi ni maana. Mwisho wa Suratush-Shu'araa washairi wametajwa kwa lawama, kisha wakavuliwa walioamini, wakatenda mema na wakamtaja Allah kwa wingi. Aya haikuvua kwa lugha. Basi imamu anayeletewa shairi la Chimini, Kibajuni au Kingazija asilolifahamu, na aulize kama alivyouliza Mtume (s.a.w.): wanasema nini? Likiwa na shirki au uongo juu ya Mtume (s.a.w.), alikataze hata likiwa kwa Kiarabu fasaha.

Wallahu a'lam.