Mfongo, Mpunga na Mtambo: Mgongano wa Sera za Maji, Chakula na Nishati katika Miteremko ya Kilimanjaro

Mjadala kuhusu mabadiliko ya tabianchi mkoani Kilimanjaro huanzia kwa kawaida kwenye kilele cha Kibo, ambako eneo la barafu lilipungua kutoka takribani kilomita za mraba 12 mwaka 1912 hadi chini ya 2 mwaka 2007. Kwa wakulima wa Moshi, hata hivyo, swali zito zaidi liko chini ya barafu hiyo: maji yatokayo msituni yagawanywe vipi kati ya migomba ya mlimani, mpunga wa tambarare na mitambo ya umeme ya Bonde la Pangani? Makala hii inafafanua jinsi sera za maji, chakula na nishati zinavyokutana katika mfereji mmoja wa asili, yaani mfongo. Hoja kuu ni kwamba mgogoro uliopo hausababishwi na uhaba wa maji peke yake. Unachochewa pia na sheria inayotenganisha matumizi ambayo mfongo umeyaunganisha.

Wageni wa Ulaya waliofika Uchaggani katika karne ya 19 waliikuta mifongo ikifanya kazi. Mfongo huchepusha maji ya mto na kuyapitisha mitelemkoni hadi kwenye vihamba, ambako migomba, kahawa na magimbi hustawi chini ya kivuli cha miti. Maji hugawanywa kwa zamu, na ukarabati hufanywa kwa msaragambo. Asiyeshiriki hutozwa faini au hunyimwa zamu yake. Kwa hiyo haki ya kutumia maji hutokana na kazi. Mwaka 2011, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kimataifa.

Sera ya nishati iliyatazama maji hayohayo kwa jicho tofauti. Katika miaka ya 1960 lilijengwa bwawa la Nyumba ya Mungu, linalopokea maji ya mito Kikuletwa na Ruvu. Mitambo ya bwawa hilo ina uwezo wa megawati 8, ile ya Hale 21, na ya New Pangani Falls, iliyoanza kazi katikati ya miaka ya 1990, megawati 68. Kwa mhandisi wa umeme, kila tone linaloingia mfongoni ni upungufu bwawani, na hoja yake ina uzito, kwa kuwa mifereji ya udongo huvujisha maji mengi njiani. Ofisi ya Bonde la Pangani ilipoanzishwa mwaka 1991, na ada za matumizi ya maji zilipofuata, watumiaji wengi wa mifongo walisita kulipa. Machoni pao, maji yametolewa na Ruwa, na gharama ya kuyafikisha shambani wamekwisha kuilipa kwa jasho.

Sera ya chakula iliongeza mdai wa tatu. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliokamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani, ulilenga takribani hekta 2,300 katika tambarare za kusini mwa mji wa Moshi. Mavuno ya mpunga yaliongezeka sana, na mafanikio hayo yakawavutia wakulima walio juu ya mabanio ya mradi. Nao walianza kulima mpunga kwa maji ya mito ileile, hata eneo la mpunga ndani ya mradi likapungua kwa kukosa maji. Hivyo, mradi uliopangwa kama skimu moja ulijikuta ukishindana na bonde zima.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 ilikusudia kuweka utaratibu. Inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kulinda mazingira, na baada ya hapo shughuli za kiuchumi na kijamii. Mpangilio huo unaeleweka, lakini mfongo hauingii katika kundi moja. Maji yake hutumika nyumbani, hunywesha ng'ombe wa zizini, hulisha familia kwa ndizi na hustawisha miti inayozuia mmomonyoko. Yakisajiliwa kama ya umwagiliaji tu, huwekwa katika kundi la mwisho pamoja na mitambo, na sifa zake nyingine hazihesabiwi.

Mabadiliko ya tabianchi yanazidisha uzito wa suala hili. Tafiti za Andreas Hemp zimeonyesha kwamba sehemu kubwa mno ya maji ya mlima hutoka katika ukanda wa misitu, na kwamba moto umeteketeza sehemu kubwa ya misitu ya juu inayonasa unyevu wa ukungu. Kwa msingi huo, kulinda chanzo na kugawa maji ni kazi moja. Kamati za mifongo, ambazo zina uzoefu wa kusimamia zamu wakati wa kiangazi, zinastahili kuhesabiwa miongoni mwa taasisi za uhifadhi.

Mazingira ya sera nayo yamebadilika. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115. Jumla ya megawati 97 za mitambo mitatu ya Pangani haifiki asilimia 5 ya kiasi hicho. Hili haliondoi haja ya mto kutiririka, kwani maji yakipungua, chumvi ya bahari hupanda kutoka mdomoni mwa Pangani na kuwaathiri wakulima wa huko. Linachodhoofisha ni uzito wa hoja ya umeme wakati wa kugawa maji ya kiangazi. Uamuzi wa haki utahitaji kibali kinachotaja matumizi yote ya mfongo, na kamati zake kuwa na sauti katika bodi ya bonde kabla kiwango cha maji hakijapangwa.