Uhuru na Mizani: Je, Kujitawala Kuna Faida ya Mfuko? (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza jinsi Waskoti, taifa la watu milioni tano na kitu, walioungana na Uingereza mwaka 1707 baada ya mali yao nyingi kuteketea katika msiba wa koloni lao la Darien huko Panama, walivyoulizwa tarehe 18 Septemba 2014 swali moja fupi, kama nchi yao iwe huru au isiwe, na jinsi watu 55 katika kila mia walivyojibu kwamba isiwe. Tulisema pia kuwa hofu iliyowashika wengi haikuwa ya bendera wala ya wimbo wa taifa, bali ilikuwa hofu ya mfuko: watatumia sarafu ya nani, hali Waziri wa Fedha wa Uingereza, George Osborne, amekwisha kutangaza mwezi Februari mwaka ule kuwa hawatashirikishwa paundi, na mafuta ya Bahari ya Kaskazini, ambayo pipa lake lilipita dola 100 wakati ule, yatawatunza kwa miaka mingapi? Bei hiyo, kama msomaji akumbukavyo, ilianguka chini ya dola 30 mwanzoni mwa mwaka 2016, na waliopiga kura ya kukataa wakajiona wameongozwa na busara.

Leo nataka kulitoa swali hilo Edinburgh nililete hapa Nyasubi, katika mji huu wa Kahama, kwa kuwa si geni kwetu. Sisi tuliulizwa swali lile lile kabla ya Waskoti kwa miaka sitini, na waliotuuliza walikuwa na jibu lao tayari. Ujumbe wa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa uliozuru Tanganyika mwaka 1954 ulikadiria kwamba nchi hii ingeweza kujitawala baada ya miaka 20 au 25, na Serikali ya Uingereza ikaona kuwa hata makadirio hayo yalikuwa ya pupa, maana nchi ilikuwa maskini mno, mazao yake ni machache na wasomi wake wanahesabika. Aliyesema maneno hayo alikuwa ndiye mwenye funguo za ghala, na miaka michache tu kabla yake alikuwa amezika paundi milioni 36 katika mashamba ya karanga ya Kongwa, Nachingwea na Urambo, mradi ulioachwa mwaka 1951 pasipo mahsuli ya maana. Siyataji hayo kwa kusimanga. Nayataja kwa kuwa katika mabishano ya uhuru hutokea daima kwamba umaskini wa mtawaliwa hufanywa hoja ya kuendelea kumtawala, na mtawala haulizwi sehemu yake katika umaskini huo.

Insafu yatudai, hata hivyo, tukiri kwamba mtu ambaye angekifungua kitabu cha hesabu asubuhi ya tarehe 9 Desemba 1961, akakisoma kama asomavyo mwenye duka, angeandika chini yake neno hasara. Mwalimu Nyerere mwenyewe alizoea kukumbusha kuwa katika kila watu wazima mia tuliorithi, 85 hawakujua kusoma, na wahandisi wetu walikuwa wawili na madaktari 12. Wala gharama haikuishia hapo. Mwezi Desemba 1965, Tanzania ilipovunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa kuwa haikuuzima uasi wa walowezi wa Rhodesia, mkopo wa paundi milioni saba na nusu ulizuiliwa, na nchi changa ikalipa kwa upungufu huo bei ya kuwa na kauli yake. Nani angeweza kumtazama mkulima wa Usukuma usoni akamwambia kuwa katika hesabu hiyo amepata faida?

Mimi nasema alipata, ila faida yake haionekani kwa anayeitafuta katika jumla ya hazina. Inaonekana kwa anayetazama mizani.

Wazee wa kanda hii husimulia habari za mizani ya pamba, na habari hizo zina uzito kuliko hotuba nyingi. Pamba ilinunuliwa na wafanyabiashara na wenye vinu, wengi wao Wahindi. Mkulima alileta mzigo wake wa msimu mzima kichwani au kwa baiskeli, na aliyeununua ndiye aliyeupima, ndiye aliyesoma ratili, ndiye aliyetamka kama pamba ni safi au chafu. Mkulima aliyejua kwa kifua na mgongo wake uzito aliobeba alitajiwa uzito mwingine, na hakuwa na pa kuukatia rufaa. Ndipo katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wakaweka watu wao wa kuhakiki mizani vituoni, na kutokana na jambo hilo dogo, ambalo mtu wa mbali angeliona kuwa ni ugomvi wa sokoni, kikazaliwa chama cha wakulima, na baada yake, mwaka 1955, Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake na ambalo kufikia siku za uhuru lilikuwa likinunua karibu pamba yote ya Kanda ya Ziwa na kumiliki vinu vyake lenyewe. Bomani alikuja kuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru. Mtu aliyeanza kwa kugombania usomaji wa mizani ya pamba alikabidhiwa hazina ya nchi, nami sioni kuwa hiyo ilikuwa sadfa.

Yapasa msomaji azingatie kwamba ushirika ule ulisimama kabla ya bendera, chini ya sheria ya mkoloni. Lakini chini ya sheria hiyo hiyo TANU, chama kilichodai uhuru, ilipigwa marufuku katika Jimbo la Ziwa kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Watu walilazimishwa kupiga matuta, kupunguza mifugo na kuilipia majosho. Na mwaka 1958 watu wa Geita, walipoletewa baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi pasipo ridhaa yao, walifunga safari kwa maelfu hadi Mwanza kwenda kulikataa. Mkulima alikuwa ameishika mizani, ila hakuwa ameushika mkono ulioandika sheria ya mizani, na kwa hiyo alichokipata leo kwa ruhusa kingeweza kuondolewa kesho kwa amri.

Na kiliondolewa. Jambo hili lanichoma, wala sitalipitia pembeni. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vilivunjwa kwa agizo, na aliyeagiza hakuwa gavana wa Kiingereza bali serikali yetu wenyewe. Vilirejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982, lakini mwenye kuuguza jeraha hujua kuwa kupona si kurudi kuwa kama zamani. Mtu anayepigia chapuo uhuru akaificha habari hii hamtendei mema msomaji wake. Kujitawala hakumzuii mtawala wa nyumbani kumpokonya mkulima mizani. Kunachofanya ni kumpa aliyepokonywa mlango wa kubisha, tena mlango ulio Dodoma au Dar es Salaam, usio ng'ambo ya bahari mbili kwa watu wasiohitaji kura yake.

Tuje kwenye madini, maana huko ndiko moyo wa wilaya zetu. Mwaka 1940 mjiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, mwendo mfupi kutoka mji wa Shinyanga, na mwaka 1947 likachimbwa humo jiwe la rangi ya waridi la karati 54 na nusu, akamzawadia Binti Mfalme Elizabeth aliyeolewa mwaka huo. Alikuwa na haki ya kulitoa, kwa kuwa kwa sheria ya wakati ule lilikuwa lake. Na hapo ndipo penye swali zima la makala hii, yaani ni nani aliyeitunga sheria iliyolifanya kuwa lake. Williamson alipofariki mwaka 1958, mgodi ukagawanywa nusu kwa nusu baina ya kampuni ya De Beers na Serikali ya Tanganyika, hata bendera yetu ilipopanda miaka mitatu baadaye tulirithi nusu ya Mwadui. Linganisha na Botswana, ambayo ilipata uhuru tarehe 30 Septemba 1966 ikihesabiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani, na mwaka uliofuata almasi ikagunduliwa Orapa. Ikaikuta nchi yenye mamlaka ya kupatana na mchimbaji. Laiti ingegunduliwa miaka kumi mapema, sidhani kama mapatano yangekuwa yale yale.

Hapa Waskoti wana kisa ambacho kila mtu wa kanda ya dhahabu angepaswa kukijua. Mwaka 1974, mafuta yalipokuwa yamekwisha kugunduliwa na chama cha wazalendo kikidai kuwa ni mafuta ya Uskoti, mchumi wa serikali, Gavin McCrone, aliandika waraka akieleza kuwa Uskoti iliyo huru ingekuwa na ziada kubwa ya fedha na sarafu yenye nguvu. Waraka huo uliwekwa siri, usionekane hadharani mpaka mwaka 2005. Waskoti walibishana kwa miaka thelathini juu ya uzito wa mzigo wao, na aliyekwisha kuupima alikuwa amekaa kimya. Awe mtu anataka muungano au hautaki, hawezi kuridhika na biashara ya namna hiyo.

Nasi tulikuwa na makinikia yetu, yaani mchanga wa madini. Kwa miaka mingi makontena yalitoka Bulyanhulu na Buzwagi, yaani wilaya yetu hii ya Kahama, yakienda kuyeyushwa ng'ambo, na tulichojua juu ya yaliyomo kilikuwa kile kilichoandikwa na msafirishaji. Hayo hayakuwa ya mkoloni: Sheria ya Madini ya mwaka 1998, iliyoweka mrabaha wa dhahabu kuwa asilimia 3, ilipitishwa na Bunge letu, na waliowaondoa wachimbaji wadogo Bulyanhulu mwezi Agosti 1996 walivaa sare za nchi yetu. Mrabaha ukapanda kuwa asilimia 4 mwaka 2010. Mwezi Machi 2017 Rais Magufuli akazuia usafirishaji wa makinikia, makontena 277 yakakamatwa bandarini, na kamati mbili, ya Profesa Mruma na ya Profesa Osoro, zikapewa kazi ya kupima na kuhesabu. Kampuni ya Acacia, iliyoendesha migodi hiyo, ilikana matokeo, na ikadaiwa kodi ya dola bilioni 190. Madai yakaishia katika mapatano ya mwezi Januari 2020 yaliyotupatia dola milioni 300, hisa asilimia 16 katika kampuni mpya ya Twiga, na ahadi ya kugawana manufaa ya uchumi nusu kwa nusu na Barrick, kampuni mama ya Acacia. Sheria za mwaka 2017 zilikuwa zimekwisha kuupandisha mrabaha kuwa asilimia 6, pamoja na asilimia moja ya ada ya ukaguzi. Baina ya bilioni 190 na milioni 300 ni safari ndefu, na walioambiwa kiasi cha kwanza wana haki ya kuuliza kilikopotelea. Lakini Tanganyika ya mwaka 1950 haingeweza kulizuia hata kontena moja, wala kuibadili sheria mara tatu katika muda wa miaka ishirini hadi ikaribie haki.

Buzwagi ilianza kuzalisha mwaka 2009 ikasita mwaka 2021, na vijana wa mtaa wetu waliozoea kupanda magari ya mgodi alfajiri wametawanyika, wengine Geita, wengine kwenye biashara ya mpunga, wengine maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo. Hao wa maduarani ndio ninaowafikiria ninapoulizwa kama uhuru una faida. Mwezi Machi 2019 lilifunguliwa soko la madini Geita, yakafuata mengine, likiwamo la hapa Kahama. Mwaka huo huo mchimbaji mdogo akaondolewa kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio ya asilimia 5, zilizokuwa zikimsukuma kuuza gizani kwa dalali. Nilisimama katika soko hilo la Kahama siku moja nikamtazama kijana mwenye vumbi la karasha kwenye nyusi, aliyeleta dhahabu ndogo kuliko punje ya mahindi. Ikawekwa kwenye mizani mbele yake, mbele ya mnunuzi na mbele ya afisa, bei ya siku ikiwa imebandikwa ukutani. Akasoma, akakunja uso, akaomba ipimwe mara ya pili. Ikapimwa mara ya pili.