Barabara Isifunge Njia ya Samaki

Ndugu msomaji, bila shaka unalijua kalavati. Ni bomba kubwa la zege au la chuma linalowekwa chini ya barabara. Magari hupita juu na maji ya kijito hupita chini. Tukiona hivyo tunasema kazi imekwisha. Lakini je, samaki naye anapita?

Leo soma habari za jimbo la Washington, kaskazini-magharibi ya Marekani. Huko makalavati ya barabara kuu yamewafikisha watu mahakamani.

SAMAKI ANAYERUDI KWAO

Katika jimbo hilo kuna samaki anayeitwa samoni. Samoni huzaliwa katika vijito vyenye maji baridi na changarawe. Baadaye huteremka mpaka baharini. Hukaa huko mwaka mmoja au zaidi, akila na kunenepa.

Wakati wa kutaga ukifika, samoni hurudi. Hupanda mto mpaka kwenye kijito alikozaliwa. Hukitambua kwa harufu ya maji yake. Jike huchimba changarawe kwa mkia, hutaga mayai na kuyafukia. Aina nyingi za samoni wa huko hutaga mara moja tu, kisha hufa. Kwa hiyo asipofika safari hiyo, hana safari nyingine.

KALAVATI HUMZUIAJE?

Kalavati baya humzuia samaki kwa njia tatu.

Kwanza, kalavati likiwa jembamba, maji hupita ndani yake kwa kasi. Samaki huogelea mpaka huchoka, na maji humrudisha nyuma.

Pili, maji hayo ya kasi huchimba shimo pale yanapotokea. Baada ya miaka, mdomo wa kalavati hubaki ukining'inia juu ya maji. Fikiri nyumba ambayo mlango wake uko juu ya kichwa chako, na ngazi hakuna. Utaingiaje?

Tatu, wakati wa ukame maji ndani ya kalavati huwa kidogo mno. Samaki hawezi kuogelea.

Hivyo kijito kilicho juu ya barabara hubaki bila samoni, hata kama maji yake ni safi.

AHADI YA ZAMANI

Mwaka 1854 na 1855, makabila ya wenyeji wa asili wa huko yalitia saini mikataba na serikali ya Marekani. Waliacha sehemu kubwa ya ardhi yao. Lakini haki ya kuvua samaki mahali walipozoea hawakuiacha. Mwaka 1974 Jaji George Boldt aliamua kwamba makabila hayo yana haki ya kupata hadi nusu ya samaki wanaoruhusiwa kuvuliwa.

Lakini haki ya kuvua ina faida gani kama mtoni hakuna samaki? Mwaka 2001 makabila 21, pamoja na serikali ya Marekani, yalipeleka shauri la makalavati mahakamani. Mwaka 2013 Jaji Ricardo Martinez aliliamuru jimbo liyarekebishe. Jimbo lilikata rufaa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iligawanyika, majaji wanne kwa wanne. Kwa hiyo amri ikabaki palepale.

Amri hiyo inaitaka idara ya barabara ya jimbo ifungue sehemu kubwa ya vijito vilivyozibwa. Inatakiwa kufungua sehemu 90 katika kila 100 ifikapo mwaka 2030. Gharama yake ni mabilioni ya dola.

KALAVATI ZURI

Mafundi hukata barabara na kung'oa bomba la zamani. Mahali pake hujenga daraja, au kalavati pana kuliko kijito chenyewe. Ndani huweka mawe na changarawe kama ya kijito. Maji hupita taratibu, na samaki hupita kama hakuna barabara.

Kuna faida nyingine. Mafuriko yakija, maji na magogo hupita bila kukwama. Barabara haichukuliwi upesi na maji.

NASI TUJIFUNZE

Usiseme hayo ni mambo ya mbali. Katika Ziwa Viktoria kuna ningu. Mvua zikinyesha, ningu hupanda mitoni kutaga. Kambale naye hufuata maji ya mafuriko ili kutaga. Ningu wamepungua sana, hasa kwa sababu ya kutegwa kwa nyavu kwenye midomo ya mito wakati wa kupanda. Tusiwaongezee kikwazo kingine.

Barabara ni maendeleo, nasi tunaihitaji. Lakini kabla ya kalavati kuwekwa kijijini kwenu, waulizeni mafundi maswali haya:

1. Je, kalavati ni pana kama kijito?
2. Je, sakafu yake iko chini ya kiwango cha mchanga wa kijito?
3. Je, maji yatatoka bila kuanguka kama maporomoko?

Nanyi wavuvi na wazee, waelezeni mafundi ni samaki gani hupanda hapo, na wakati gani. Ninyi ndio mnaojua.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Jimbo la Washington sasa linajenga ukuta. Sisi tujenge vizuri tangu mwanzo, ili watoto wetu wapate barabara na kitoweo pia.